Jumamosi ya Kupatana

Kama hujawahi kuombwa msamaha na Mzee Upole, mshukuru Mungu na usimwombe akuongezee. Mimi nimeona watu wazima, wenye watoto na heshima zao, wakiombwa msamaha na yule mzee, kisha wakatoka kanisani hawana pa kuweka uso.

Kanisani kwetu, Jumapili ya Meza ya Bwana hutanguliwa na Jumamosi ya kupatana. Tunakutana alasiri, mabenchi yanageuzwa tutazamane, na mwenye neno na mwenzake anasimama, anamwendea, anamwambia, "Nisamehe kwa hili." Yule anajibu, "Nimekusamehe." Mchungaji anasema amina, tunaimba, tunarudi nyumbani. Ni desturi nzuri na sitaki mtu aiguse. Kwa desturi hiyo nilipatana na muuza mkaa aliyenitukana, tena nikapatana na jirani aliyeniibia vibanio vya nguo, ingawa vibanio vyenyewe sijaviona mpaka leo.

Halafu Mzee Upole akachaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Jina alipewa kwa ajili ya sauti yake, maana huzungumza kama anayembembeleza mtoto mchanga. Yeye aligundua jambo ambalo sisi wengine hatukuwa na akili ya kuligundua: kwamba unaweza kutubu dhambi yako kwa kutaja ya mwenzako. Anasimama, anakunja mikono kifuani, anasema, "Dada Muuguzi, nisamehe. Nilikuwaza vibaya nilipokuona ukishushwa garini na mwanamume ambaye si mume wako."

Sasa niambie, yule muuguzi afanye nini? Akisema "nimekusamehe," kanisa zima limesikia kwamba alishushwa. Akikataa kusamehe, ana moyo mgumu, na Meza ataitazama kwa mbali. Akisema yule mwanamume ni baba yake mdogo, watu wataguna: kwani nani kamuuliza? Mzee anarudi kukaa akiwa mwepesi kama unyoya, na mzigo kaubwaga kwenye mapaja ya mwingine. Nasi tuliokaa pale tunasema amina, tena kwa sauti kubwa. Mimi nilikuwa mmoja wao. Liliponifika la kwangu ndipo amina ikanishinda.

Mdogo wangu ni fundi seremala. Alikuwa mlevi, sifichi, hata ningeficha ningemficha nani, mtaa mzima ulishamwokota mtaroni. Mkewe alivumilia mpaka uvumilivu ukamchoka, akamchukua mtoto, akarudi kwa mama yake. Fundi akaacha pombe. Ilimtoa jasho, lakini aliacha, na wifi yangu akakubali kurudi. Siku ya kurudi alisema mbele ya familia zote mbili: "Sisemi hataanguka. Nasema, akinywa akanificha, siku hiyo hiyo naondoka na mwanangu, na sirudi tena." Wote tulisikia. Hata Mzee Upole alisikia, maana ndiye aliyefunga kwa sala.

Basi Jumamosi hiyo akasimama, mikono kifuani.

"Fundi, ndugu yangu katika Bwana. Nisamehe. Jumatano jioni nilikuona ukitoka baa, unapangusa mdomo. Moyo wangu ukasema, huyu karudia matapishi yake. Nimekuwaza vibaya, ndugu yangu. Sitaki kuikaribia Meza na doa hili."

Ukumbi mzima ukageuza shingo. Upande mmoja wanamtazama mdogo wangu, upande wa pili wanamtazama wifi yangu, kama watu wanaotazama mpira. Fundi aliinamisha kichwa. Nilikuwa namwomba Mungu amwezeshe mdogo wangu kusema "si kweli, mzee," maneno matatu tu.

"Nimekusamehe," akasema.

Amina ikapigwa. Wifi yangu akamshika mtoto mkono, akatoka nje, na usiku ule hakulala kwake. Alikwenda kwa mama yake.

Nilimkuta mdogo wangu kwenye karakana yake, kakaa juu ya rundo la mbao. Damu ilikuwa inanichemka. "Mzee yule hana haya," nikamwambia. "Baa haina milango? Haina viti? Fundi seremala haruhusiwi kwenda kupima mlango?" Alifungua mdomo. "Dada—" "Usiseme kitu! Huna haja ya kujieleza kwangu. Nimekulea mgongoni, nakujua." Akaufunga mdomo. Nikaondoka nikijiona nimefanya kazi ya dada.

Kesho yake nilikwenda kwa wifi yangu. Nilimkuta sebuleni kwa mama yake, nikasimama katikati ya chumba, nikanyoosha mkono juu. "Wifi, mdogo wangu hajanywa. Alikwenda kupima mlango. Kama ninasema uongo, Mungu anipofue nisione hata njia ya kutoka humu."

Wifi akauliza: "Yeye mwenyewe kakwambia?"

"Hana haja ya kuniambia. Namjua."

"Haya, wifi," akasema, akaenda jikoni. Nilikaa na mama yake, tukanywa chai, na wifi hakurudi tena sebuleni mpaka nilipoaga.

Kanisa lilichafuka. Wengine walisema Fundi atengwe, wengine walisema aachwe. Mchungaji, ambaye ni mtu mwema lakini ugomvi anauogopa kama paka anavyoogopa maji, akaahirisha Meza wiki moja na kutangaza Jumamosi nyingine ya kupatana. Yaani mtu kaumwa na nyoka, naye anaagizwa arudi kwenye shimo lile lile.

Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi nguo za nusu ya kanisa, na Jumatatu ni zamu ya nguo za Mzee Upole. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi madobi tunalijua hilo kuliko wahenga. Kabla nguo haijaingia kwenye beseni napapasa mifuko. Katika suruali yake ya kijivu, kona kabisa ya mfuko, nikakuta kizibo cha bia.

Nilikinusa. Bado kilikuwa na harufu.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilicheka peke yangu uani. Mzee wa kanisa! Mpole! Asiyetaka kuikaribia Meza na doa! Wiki nzima nilifua nikiwa naimba. Nilishaipanga hotuba yangu. Ningesimama Jumamosi, ningekunja mikono kifuani, ningelainisha sauti: "Mzee wetu, nisamehe, nilikuwaza vibaya nilipokuta kizibo cha bia katika suruali yako." Halafu ningekinyanyua wakione mpaka walio nyuma. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Naye angejibu nini? Angejibu lile lile alilowalazimisha wenzake kujibu.

Tatizo lilikuwa moja. Shangazi aliyenifundisha kazi hii alinipa sheria ambayo sijawahi kuivunja: kinachokutwa mfukoni kinarudi mkononi mwa mwenye mfuko. Hapewi mkewe wala jirani. Dobi anayeivunja, kesho hana wateja. Nikajiambia, sawa, nitamrudishia, lakini Ijumaa, ili usiku ule asipate usingizi. Nilijua nakwenda kumtisha mtu, na nilikwenda kwa mwendo wa harusi.

Mkewe alinifungulia mlango nusu, akachungulia kama mtu anayeogopa wezi. Nyuma yake niliona kitambaa kimetupwa juu ya meza haraka haraka, kimevimba hapa na pale.

"Karibu, mwanangu. Nguo hizo nipe tu mimi."

"Za kwako hizi hapa, Mama. Nina kitu cha Mzee, cha mkononi mwake."

Mzee akaja. "Dobi, amani iwe kwako."

"Yangu haipo tangu Jumamosi," nikamwambia. Nikafungua kiganja. "Hiki kilikuwa kwenye suruali yako ya kijivu. Na kesho nitasimama kanisani nikuombe msamaha, kwa jinsi nilivyokuwaza vibaya nilipokiona. Nitakuomba polepole, kwa sauti kama yako, nawe utanisamehe. Au unasemaje? Unakunywa, Mzee?"

Uso ulimshuka. Mkewe akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua analia, na nakiri sikumhurumia. Kumbe anacheka.

"Mwonyeshe," akamwambia mumewe.

"Mama, tafadhali."

"Mwonyeshe, au nitamwonyesha mimi." Hakungoja. Akavuta kile kitambaa.

Ilikuwa drafti. Ubao wenyewe ni boksi lililochorwa miraba kwa kalamu, na kete ni vizibo vya bia, vingine vimelala kifudifudi, vingine chali. Palipopungua kizibo kimoja waliweka kifungo cheupe, nami nilikitambua mara moja. Kilikuwa kifungo cha shati lake la mikono mirefu, ambacho mwezi uliopita alinilaumu kwamba nimekipoteza mimi.

"Huyu ndiye aliyewahubiria vijana kwamba drafti ni mchezo wa wavivu wa vijiweni," mkewe akasema, anafuta machozi ya kicheko. "Na kila jioni namfunga."

"Mara nyingine natoa sare," Mzee akasema chinichini.

"Na vizibo unavitoa wapi?" nikauliza.

Akatazama sakafu. "Naokota. Pale nje ya baa, jioni, watu wakipungua."

Kesho ningesimama mbele ya watu nikamvua nguo mzee asiyejua hata ladha ya pombe, na mke wake angekaa pale na kila mtu akimtazama kama alivyotazamwa wifi yangu. Ningefanya hivyo nikiwa na ushahidi mkononi, tena wenye harufu. Lakini hasira yangu haikuondoka, ilibadilisha tu mahali pa kusimama.

"Mzee," nikasema, "nimekuuliza, nawe umenijibu. Imechukua muda gani? Hata chai isingechemka. Kwa nini hukumuuliza mdogo wangu? Ulikuwa pale, naye alikuwa pale. Ungemwita tu kwa jina."

"Nilivuka barabara," akasema.

"Ulivuka!"

"Nilikuwa na vizibo mkononi. Niliogopa ataniona."

"Ukaona heri aonekane yeye." Sauti yangu ilikuwa imepanda, sikuijali. "Mzee unayeogopa kukutwa na vizibo, ukamchukua mtu anayepigana na pombe ya kweli ukamweka uchi mbele ya mke wake! Na habari za boriti jichoni umetusomea wewe mwenyewe, pale pale mbele!"

Alikaa kwenye kiti, akakigeuza kile kizibo vidoleni. Aliposema tena, ile sauti yake ya kanisani haikuwepo.

"Umesema kweli, mwanangu. Nawe alikujibu nini?"

"Nani?"

"Fundi. Ulipomuuliza."

"Mimi namjua mdogo wangu," nikasema.

"Sikukuuliza kama unamjua."

Nilitaka kumrushia lile furushi la nguo. Nilitaka kumwambia kwamba yeye ni mtu wa mwisho duniani kunifundisha. Lakini neno lilishaingia na sikuweza kulitoa. Nikageuka, nikashika njia ya karakana, na nyuma yangu nikasikia fimbo yake ikigonga barabara. Kila mmoja alikuwa na hasira yake, na sijui yake alikuwa kamkasirikia nani.

Mdogo wangu alikuwa anapiga randa ubao wa kitanda, maranda yamemfika vifundoni. Alipotuona sote wawili akasimama. "Dada na mzee wa kanisa kwa pamoja? Nani kafa?"

"Jumatano ile," nikasema. "Jumatano ile, ulikunywa?"

Akaiweka randa chini. Uso wake ulilegea kama wa mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

"Nilikunywa, Dada. Glasi moja, na ya pili nusu. Nikaiacha mezani nikatoka."

Sikumwamini. Yaani niliyasikia, lakini nilianza kutafuta mlango wa kupimwa, kiti cha kukarabatiwa, chochote. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kukwambia hapa hapa. Ukaniambia nisiseme kitu."

Nilimtupia jicho Mzee. Nilitaka nimwone akifurahi, ili nipate cha kumchukia. Alikuwa kaegemea nguzo, kakunja uso.

"Kwa hiyo niliona sawasawa," akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayesoma habari ya msiba.

"Uliona sawasawa, mzee. Nami nilikuona." Fundi alisema bila ukali, na hilo ndilo lililouma. "Nilikuona unavuka. Nilisimama mlangoni pale natetemeka, sijui kama nirudi ndani nimalize ile glasi au niende nyumbani. Nikakuona, nikasema afadhali, huyu ataniuliza. Laiti ungeniuliza, ningelia barabarani pale pale na ungenishika mkono. Ukavuka. Nikaenda nyumbani peke yangu. Nikamwambia mke wangu kabla sijavua viatu."

"Ulimwambia?" mimi na Mzee tukasema kwa pamoja.

"Jumatano ile ile. Alilia, akanitukana, kisha akanipakulia chakula. Lilikuwa limekwisha, mzee. Ulilifukua."

Mzee Upole akakaa chini, juu ya maranda, na suruali niliyoipiga pasi mwenyewe. "Nitasimama kesho," akasema. "Nitakuomba msamaha mbele ya kanisa."

"Usisimame!" Fundi akaruka. "Umeshaniomba mbele ya kanisa, mzee, imetosha. Hapa nilipo ndipo pa kuniomba msamaha. Na muuguzi ana nyumba yake, nenda kwake."

Mzee alimwomba pale pale. Sikukaa kusikiliza, hayakuwa yangu. Nilitoka nje, nikajiuliza swali ambalo lingenijia mapema kama ningekuwa na adabu ya kunyamaza: kama wifi alishajua tangu Jumatano, na alishasamehe, kwa nini mpaka leo yuko kwa mama yake?

Nilimsubiri Fundi anawe mikono, tukaenda wote wawili. Njiani aliniambia alishakwenda kule mara kadhaa, mkewe hatoki nje, anaagiza tu aambiwe kwamba bado anafikiri.

Tulimkuta uani, kakaa kwenye kigoda, anamsuka mtoto nywele. Mama yake akatupisha. Sikukaa kwenye kiti.

"Wifi, Jumapili ile niliapa mbele yako."

"Uliapa Mungu akupofue," akasema, vidole havisimami.

"Niliapa uongo."

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Sikuwa nimemuuliza. Nimemuuliza leo."

Hapo vidole vikasimama. Akaniinulia macho, na niliyoyaona humo sikuyategemea. Alikuwa na hasira kuliko mimi.

"Nikwambie kitu, wifi? Jumapili ile ulipoingia, mkoba wangu ulikuwa umeshafungwa, uko nyuma ya mlango wa chumbani. Nilikuja hapa kwa aibu tu, nilale usiku mmoja macho ya watu yapoe. Nilikuwa narudi kwangu. Ukaingia wewe, ukainua mkono, ukaapa. Mimi naujua ukweli, mwenye mdomo kaniambia, na dada mtu ananiapia kwa jina la Mungu kwamba haupo. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo tutakavyoishi. Akianguka, dada yake atamfunika. Atafundishwa kukana, naye atajifunza, maana kukana ni rahisi kuliko kuacha pombe. Mimi niliyekuwa nakutegemea unisaidie kumshika, nitabaki mjinga ndani ya nyumba yangu. Nikaenda chumbani, nikaufungua mkoba."

Wiki nzima nilimlaani Mzee Upole kwa kuvunja nyumba ya mdogo wangu. Niliilaani sauti yake, fimbo yake, hata suruali zake wakati nazipiga pasi. Na aliyekuwa ameegemea mlango usifunguke ni mimi. Ningependa kusema nililia, lakini sikulia, nilisimama tu pale na mikono yangu mirefu isiyo na kazi.

Wifi akamgeukia mumewe. "Na wiki hii?"

"Sijanywa," Fundi akasema. Kisha akaongeza: "Jumanne nilifika mpaka kona ya baa. Nikarudi."

"Nani alijua?"

"Hakuna."

Wifi akanitazama tena. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Jumanne ijayo utamuuliza?"

"Nitamuuliza kila siku mpaka anichoke."

"Na akikujibu jambo usilolipenda?"

Zamani, yaani asubuhi ile ile, ningekuwa na jibu refu. "Tutakuja kwako wawili, kama leo," nikasema, "nami nitanyamaza, aseme mwenyewe."

Alimaliza msuko uliobaki, akaufunga mwishoni kwa uzi, akampangusa mtoto mabega, akamwambia aende ndani akamuage bibi yake.